Bunduki ya Upepo ya Baba

Juzi, kwenye duka la vitu vya mitumba mtaani Jeppestown, muuzaji alijaribu bunduki kuukuu ya upepo, ikalia paa! Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, nyumbani mtaa wa Berea, jiji hilohilo. Baba alikuwa ameifungua yake juu ya gazeti, chumba kizima kikinuka grisi. Aliipaka springi grisi, akairudisha ndani, akafyatua.

"Mama Neema, na sasa?"

"Bado," mama alijibu kutoka jikoni. "Inalia kama kule Uvira."

Sikujua walikuwa wamekimbia vita huko. Nilidhani Uvira ni mji wa kelele tu, na baba anaharibu bunduki nzuri. Aliifungua mara nne, mpaka ikatoa pumzi tu.

"Sasa ndiyo," mama alisema.

Mama hayupo tena. Baba bado hufyatua, kisha hugeukia jikoni na kuuliza. Siku hizi najibu mimi.