Nilivyoungama wizi wa mayai kwa kuogopa sindano ya surua

Wakuu, habari za mchana. Haya ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa wala sijakopi popote.

Mwishoni mwa miaka ya sabini, kijijini Samuye, nilikuwa na miaka sita hivi. Kwetu mtoto kula yai ilikuwa mwiko. Tuliambiwa ukila utakuwa mwizi. Mayai ni ya kuanguliwa na ya wageni, basi.

Mimi nilianza na wizi, kula kukafuata.

Nilikuwa nayachomoa kwenye kiota, nayafukia kwenye majivu ya moto huko machungani. Matamu hatari! Ila kila nikila, mdomo unavimba kama andazi na mwili unawasha. Nyumbani nasema nyuki. Mama ananipa pole, halafu anaenda kumchapa mbwa kwa kumaliza mayai.

Ndiyo, najua. Msinihukumu.

Ikaja chanjo ya surua. Msimu ule surua ilikuwa imeshaua watoto wawili wa jirani, kwa hiyo akina mama walijaa zahanati bila kuitwa mara mbili.

Muuguzi akatangaza: "Yupo mtoto anayevimba akila mayai? Chanjo hii ina asili ya yai la kuku."

Akina mama wakacheka. "Dada, wa kwetu hawajui hata ladha yake!"

Aisee! Nikinyamaza nakufa kwa sindano. Nikisema nakufa kwa fimbo.

Zamu yangu ilipofika nikaangua kilio: "Shikamoo dada, mimi navimba!"

Mama akanigeukia. "Mayai umeyajulia wapi wewe?"

Muuguzi akaniuliza kama niliwahi kukosa pumzi au kuzimia. Hapana. Akasema basi surua ndiyo ya kuogopa zaidi, akanichoma, akatukalisha karibu yake, dawa ya dharura ikiwa mezani. Nilijipapasa mdomo mpaka nikachoka. Wapi, hata kipele!

"Mama Masanja, mwanao mzima kabisa. Nendeni."

Mama akasimama kwa adabu zote. "Ahsante dada. Sasa nikimchapa, dawa haitatoka?"

"Haitoki," akajibu yule msaliti, "ila mkono uliochomwa usiuguse."

Maagizo yalifuatwa.

Somo: una aleji ya mayai? Usikimbie chanjo, mwambie mhudumu ukweli. Ya surua siku hizi wanachanja bila wasiwasi, ya homa ya manjano ndiyo uulize kwanza. Surua sikuugua, na yule dada namshukuru mpaka leo.

Wenye aleji, nyie mlichanjwaje? Wa kunicheka nao waje tu, makalio yalishapona.