Skrini Isiyojifuta

Miaka ile ya soko huria kila kilichochoka Ulaya kililetwa kwetu: nguo, magari, na zile kompyuta za Unix walizotupa wafadhili, ofisini kwetu Songea. Mashine moja kubwa, skrini tatu zimeunganishwa nayo kwa waya, na mimi katibu muhtasi wa kuzibembeleza. Maana lazima mashine iambiwe inaongea na skrini ya aina gani. Ukiitajia aina sahihi, ukimaliza kusoma barua unabonyeza q, maandishi yanafutika yenyewe. Ukitaja nyingine, barua inabaki palepale, wazi, ingawa umeshaifunga.

Fundi aliletwa kutoka Dar kwa sababu skrini ya bosi ilikuwa inatapika alama za ajabu. Akabadilisha aina, alama zikakoma. Akatuita wote akatuonya: kuanzia leo barua haijifuti, mtu afute mwenyewe kwa amri. Bosi hakuja. Hayo ya kubonyezabonyeza aliyaona kazi ya wanawake.

Wiki hiyohiyo kaka yangu alikuwa amelazwa Dar. Habari zake zilikuja kwa barua pepe ya ofisi, na bosi ndiye aliyezifungua kwanza. Asubuhi moja akatoka chumbani kwake, sauti imelainika kama ya padri. "Mama, leo nenda nyumbani. Kaka yako hali yake si nzuri. Dereva atakupeleka." Akaenda kumtafuta dereva.

Niliingia kwake kuacha funguo. Barua ilikuwa wazi kwenye skrini. Kaka amefariki alfajiri. Chini yake wameandika: asiambiwe mpaka ndugu wakusanyike.

Yesu na Maria! Niliuma kitambaa. Kwetu msiba haupokelewi njiani. Unaketishwa, shangazi anakushika, ndipo unaambiwa, ndipo unalia. Nikilia pale, nitasema nimeambiwa na nani? Nitaitwa mpekuzi wa barua za wakubwa, na watu walikuwa wanapunguzwa kazini kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikaandika ile amri, skrini ikafutika.

Njia nzima mpaka Mfaranyaki dereva alinipigia soga za mahindi ya Maposeni. Masikini, naye aliagizwa. Nikawa naitikia. Nyumbani nikaamkia wakubwa, shikamoo, shikamoo, nikapewa uji nikanywa. Tulikuwa tunamsubiri baba mdogo atoke Matogoro, na baba mdogo hana haraka na jambo lolote duniani. Mpaka jua linaelekea kushuka, mimi nameza tu. Nilimchukia kila mtu aliyekuwa pale, na mpaka leo hasira haijaniisha.

Shangazi aliponishika mkono na kutamka, nilifungua mdomo, kilio hakikutoka. Nilijaribu, jamani. Nilijilazimisha hata kwa sauti, ikatoka kama kikohozi.

Nikawasikia wanawake wakisema jikoni: "Kaka mtu kamsomesha kwa tumbaku yake mwenyewe, na hata chozi hana!" Ndivyo ninavyojulikana kwetu mpaka leo.