Bosi anataka nimtaje baba mkwe kwenye maiki

Mnaosoma hapa nawasalimu. Nimeomba nifichwe jina maana wenzangu wa ofisini wanafuata sana huu ukurasa. Mimi ni dada wa miaka thelathini, Mhehe wa Iringa, nimeolewa Mbeya na nina mtoto mmoja. Nafanya kazi kwa mkataba kwenye kampuni inayonunua mpunga, upande wa masoko.

Tatizo langu la siku zote ni aibu. Nyumbani tulilelewa kwamba binti hamwangalii mkubwa usoni na haongei mpaka aulizwe. Sasa kazi ya masoko bila mdomo ni kazi gani? Kwenye vikao nilikuwa najibanza nyuma na simu yangu. Siku moja akaja kikaoni mteja wetu mkubwa, mama amependeza, nikapiga goti kabisa nikampa shikamoo. Kumbe tunalingana umri. Ukumbi mzima ulicheka na yule mama alinuna si kidogo. Nililia chooni.

Bosi, mama mkali kweli, aliniita akaniambia kazi naijua ila hakuna anayejua kwamba naijua, na nisipojifunza kuongea na watu mkataba wangu hauongezwi. Basi nikajifunza, jamani. Nilijitolea kusoma matangazo kanisani. Nikawa nawafuata madalali wa mchele pale Mbalizi, nachukua namba zao, nawapigia kuwajulia hali hata kama sina shida nao. Taratibu watu wakaanza kuniulizia kwa jina. Bosi akafurahi, akanipa niendeshe mkutano wetu wa wakulima na wanunuzi kule Ubaruku: niwatambulishe wageni mmoja mmoja na kuwashika mkono. Nikifanya vizuri napata ajira ya kudumu.

Jana ndiyo akanitajia wageni wenyewe. Kiongozi wa wakulima, anayetakiwa kutambulishwa wa kwanza, ni baba mkwe wangu.

Msiojua niwaeleze. Mume wangu ni Mnyakyusa, na ukoo wao bado umeshika mila. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hamkaribii, na jina lake halitamki. Akija kwetu mimi natokea mlango wa nyuma. Yule mzee hajawahi kunikosea, na mila yake naiheshimu.

Nilimwomba mume wangu amwombe mzee ruhusa. Akasema, "Ukimshika baba mkono mbele ya wakulima wake, ndugu zangu watasema nimeoa mwanamke asiye na heshima. Wewe nenda, lakini hapa usirudi." Kumweleza bosi nako ikawa balaa. Akaniambia, "Tumesharudi kwenye aibu zako." Eti nikikataa anampa mwingine, na habari za mkataba nisimuulize tena.

Mkutano ni Ijumaa hii. Chakula hakipiti, usingizi sina, mtoto ananiuliza mama mbona unalia najibu ni vitunguu. Nimehangaika mno kuipata hii sauti. Pale ukumbini sasa naweza kuongea na kila mtu isipokuwa yeye mmoja, na ndiye ninayetakiwa kuanza naye.

Ndugu zangu, hasa dada mlioolewa kwenye mila kama hizi, nipeni mawazo kabla ya Ijumaa. Nimtaje nivunje ndoa yangu, au ninyamaze nirudi kule nyuma nilikotoka?