Fulana za Mama Mdogo Zilikuwa Baharini

Kuna harufu moja ambayo hadi leo ikinikuta dukani hunikasirisha kabla sijajua kwa nini: harufu ya fulana mpya ikitolewa kwenye mfuko wake wa nailoni, rangi ya kuchapia bado inanuka mpira na mafuta ya taa. Wenzangu huinusa wakafurahia kitu kipya. Mimi huona sura ya mama yangu mdogo, Rehema, ikitabasamu kifuani mwa fulana za rangi ya chungwa zilizojaa chumba chetu Guangzhou, Uchina, mpaka mlango wa choo ukawa haufunguki vizuri.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, maana nikianza kukasirika peke yangu hamtanielewa. Mwishoni mwa miaka ya tisini baba yangu alikuwa anasomea udaktari Guangzhou. Mama hakuwa mtu wa kukaa bure akisubiri mume afaulu mitihani, akaanza kununua nguo kwenye maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu na kuzituma nyumbani. Tulipanga ghorofa ya nne, karibu na stesheni ya reli, mahali ambapo kutwa nzima ulisikia mikokoteni ya wapagazi na ule mlio mkali wa utepe wa gundi unaovutwa kufunga marobota. Nilikuwa na miaka kumi. Watu wa mji wetu waliokuwa pale walikuwa wachache, tukiwajua wote: Bwana Temu wa redio na pasi, Bi Zuwena wa mikoba ya kike, Iddi kijana wa jinzi, na wengine waliokuja na kuondoka na mizigo yao. Kwenye biashara walinyang'anyana wateja bila haya. Kwenye siasa wote walikuwa wa chama kimoja, na chama hicho walikipenda kwa kelele nyingi.

Basi diwani wa kata yetu akafariki, ukaitishwa uchaguzi mdogo, na Mama mdogo, mwalimu wa shule ya msingi, akasimama kwa tiketi ya chama chetu. Khaa! Mngedhani anagombea urais. Watu walichanga, wakachapisha fulana, wakazivaa kwanza wao wenyewe na kupigana picha. Mama alitaka ziende kwa ndege. Bwana Temu akacheka mpaka miwani ikateleza. "Mama Nuru, fulana unazipakia ndege? Zina ugonjwa?" Akashauri ziwekwe kwenye kontena la kuchangia, kila mtu na robota lake, nafuu kwa wote.

Aliyewahi kutuma mzigo kwa kontena la kuchangia ameshaanza kutikisa kichwa. Kontena lile haliondoki mpaka lijae. Wewe unaweza kuwa na harusi, msiba au uchaguzi, lenyewe linasubiri mtu wa sufuria alete sufuria zake. Mama alikuwa akinishika mkono tunakwenda ghalani, na yule Mchina wa ghala, hata kabla hatujafika mlangoni, anapunga mkono: "Meiyou, meiyou," yaani hakuna safari, rudini kwenu. Mama alimjibu kwa Kiswahili maneno ambayo sikuruhusiwa kuyarudia. Siku ya kupiga kura, sura ya Mama mdogo ilikuwa baharini, gizani, ikitabasamu katikati ya sufuria za watu.

Akashindwa. Na hakushindwa kwa mbali, angeshindwa kwa mbali tungenyamaza. Alishindwa kwa kura chache, chache kiasi kwamba ungeweza kuwataja watu hao kwa majina bila kuvuta pumzi.

Jamani, Mama alikasirika! Aliikasirikia meli, akawakasirikia watu wa forodha, akawakasirikia vijana wa kata waliolala nyumbani siku ya kura. Baba akifungua kitabu chake anaambiwa anafungua kwa kelele. Mimi niliambiwa natafuna kwa dharau. Na kilichomwongezea moto ni simu ya Mama mdogo, aliyesema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Dada, narudi kwenye chaki yangu. Uchaguzi mkuu mtafute mwingine." Mama alijua hakuna mwingine. Kata nzima ilikuwa imechukua miaka kumpata mtu mmoja wa kuthubutu, na huyo mmoja sasa anakunja virago.

Akaitisha mkutano wa wanachama, Jumapili, nyumbani kwetu. Mpango wake ulikuwa rahisi. Watu wakusanyike, wapange nani atafanya nini kuanzia siku ile hadi uchaguzi mkuu, kisha saa kumi jioni ampigie Mama mdogo, ambako kwao ni saa tano asubuhi, simu iwekwe kwenye spika, asikie mwenyewe kwamba ana watu. Akisikia hivyo, alisema Mama, hawezi kuacha.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Zuwena, amejitanda kanga, uso umeinama. Alimkumbatia Mama na kumpapasa mgongo. "Pole, mwaya. Poleni sana kwa yaliyowafika."

"Nani kafa?" Mama akamuuliza. "Zuwena, nakuuliza, kafa nani humu ndani?"

Wengine nao wakaingia vilevile, wakatoa pole, wakakaa juu ya marobota, wakanyamaza wakisubiri pilau. Mama alipofanikiwa kuwatoa kwenye matanga, waliingia harusini. Ninyi mnawajua watu wetu. Wakikutana zaidi ya watatu wanaunda kamati, na kamati wanayoijua ni ile ya harusi. Bwana Temu akapendekezwa mwenyekiti, akakataa mara mbili kwa adabu, akakubali. Ikaundwa kamati ya chakula. Ikaundwa kamati ya mapambo. Mama akauliza mapambo ya nini, akajibiwa kwamba hilo litajadiliwa ndani ya kamati. Iddi akataka kujua kama kikao kijacho kitakuwa na soda au na maji tu. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nabandua nembo za jinzi kwenye karatasi yake, na nilimwona Mama akifumba macho, akihesabu kimoyomoyo, akifumbua, akikuta bado wapo.

"Nauliza tena," alisema. "Nani atafanya kazi?"

"Kazi ipi, Mama Nuru?" Bwana Temu akauliza kwa upole. "Sisi ndiyo kwanza tunaunda uongozi."

Saa kumi ikafika hivyo hivyo. Mama akapiga simu, akabonyeza spika, na chumba kizima kikapiga makofi kabla hata simu haijapokewa. Mama mdogo alipoitikia, Bwana Temu aliinama juu ya simu kama anataka kuimeza. "Mwalimu! Tuko pamoja! Tumeshaunda kamati ya uhamasishaji!"

"Ahsanteni," sauti ikatoka, na mikwaruzo mingi. "Mtamhamasisha nani?"

"Wananchi, Mwalimu. Vijana walituangusha. Na zile fulana, kama zingefika..."

"Zilifika juzi," alisema Mama mdogo. "Ni nzuri. Hebu niulize kitu kimoja. Hapo mlipokaa, nani alipiga kura?"

Nilisikia mkokoteni ukipita barabarani, na mtu akimfokea mwenzake kwa Kichina.

"Mwalimu, sisi tulikuwa huku," Iddi akasema mwishowe. "Si unajua ilikuwa msimu wa biashara."

"Najua. Lakini siku ile nilisimama kituoni nawaangalia watu wakija, nikawa nawatazamia na ninyi. Nikajiambia wameona aibu kuja asubuhi, watakuja jioni. Kura nilizozidiwa, ninyi mnatosha. Dada, na wewe umo?"

"Nimo," Mama akasema.

"Haya. Wasalimie watoto."

Simu ikakatika. Nilidhani Mama atapasuka, na nilisogeza ndoo yangu nyuma. Hakupasuka. Alikwenda kupakua pilau, watu wakala wakiangalia sahani, na Bwana Temu, Mungu amsamehe, akauliza kama kachumbari imebaki. Kamati ya mapambo haikukutana tena.

Siku chache baadaye nilimsikia Mama kwenye simu na mdogo wake. Hakupiga kelele. "Ukisimama tena, mimi nitakuwepo," alisema. "Hapana, si fulana. Mimi mwenyewe. Kwenye foleni." Sijui aliambiwa nini upande wa pili, lakini Mama mdogo alichukua fomu.

Mwaka wa uchaguzi mkuu, Idi na Krismasi zilikaribiana. Kwa mtu wa nguo mwaka wa namna hiyo ni kufunga robota usiku na mchana. Mwaka huo ndio alioamua Mama kusafiri mara mbili, mara ya kwanza kujiandikisha, mara ya pili kupiga kura. Aliwaomba wote wafuatane naye. Akafuatana na Bi Zuwena peke yake, yule yule wa kutoa pole, ambaye alifunga meza yake ya mikoba bila maelezo na kwenda kuwa wakala wa chama kituoni. Bwana Temu alituma fulana. Safari hii zilifika mapema kabisa, kata nzima ikazivaa.

Na tukashindwa vilevile, tena kwa kura nyingi kuliko mwanzo.

Niseme kweli, mimi ndiye niliyekasirika zamu hiyo. Wateja wetu walihamia kwa Iddi. Baba alitupikia mayai mpaka nikachukia kuku wote duniani. Ya nini yote hayo? Mama aliporudi nilijiandaa kwa miezi ya ugomvi: meli, forodha, vijana, kurasa za baba. Nikasubiri. Alioga, akalala, asubuhi akanifunga nywele huku akiimba chinichini, kisha akaenda sokoni kununua nguo.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, halafu nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza mbona wamepigwa vibaya hivyo na hamkasirikii mtu.

"Nimkasirikie nani?" alisema, anatafuta mkasi. "Nilikuwepo."

Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kuelewa jibu hilo, na mimi sikulielewa. Nililielewa ukubwani, siku moja nilipotumia asubuhi nzima kuwatukana wapiga kura wa nyumbani mbele ya televisheni, nikiwa nchi ya watu, miguu juu ya kochi. Nilikuwa na maneno mengi siku hiyo, mengi kama ya Mama mwaka ule wa kwanza, na yote yalikuwa ya kuwalaumu watu wengine, mimi ambaye kwenye foleni sikuwepo.