Nyota Iliyofifia Kate

Ninafundisha fizikia Sumbawanga, na kiangazi hiki niliamua wanafunzi wangu wapime umbali wa nyota, kana kwamba mtaala peke yake hautoshi kunimaliza.

Kuna nyota zinazovimba na kunywea, na mwanga wake hupanda na kushuka kwa zamu. Inayopanda na kushuka taratibu zaidi ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi kule iliko. Ukijua mwendo wake umejua nguvu yake halisi. Ilinganishe na mwanga unaotufikia, utapata umbali. Ni kama karabai ya jirani ng'ambo ya bonde: unaijua ilivyo kali, kwa hiyo ukiiona hafifu unajua bado una safari.

Taa za mjini zilitusumbua, nikamwomba baba atutazamie kutoka Kate, kijijini kwetu. Yeye ndiye aliyenionyesha nyota za Kilimia nikiwa mtoto. Kila jioni baada ya chakula nilimpigia simu kumuuliza kama nyota yetu imeizidi kwa mwanga nyota iliyo jirani yake au imezidiwa.

"Imefifia," alisema.

Nilifurahi. Nyota ile hufifia kwa siku kadhaa, kisha hupanda haraka. Lakini wiki iliisha, ikaja nyingine, na jibu likawa lile lile. Nikasingizia moshi, maana watu walikuwa wakichoma mashamba. Mwishowe nikamjia juu.

"Baba, unabahatisha. Nyota hiyo haiwezi kufifia tu."

"Haya, mwalimu," alinijibu kwa upole. Siku zote huniita mwanangu.

Jumamosi nikapanda basi kwenda kumfundisha kutazama. Ndiyo, kumfundisha. Nilimkuta kwenye kigoda mbele ya nyumba, jua bado kali. Nikasimama karibu naye, nikingoja anifurahie. Akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mpita njia.

"Karibu, mgeni. Nani mwenzangu?"

Mboni zake zote mbili zilikuwa na ukungu mweupe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema, kisha akainamisha uso na kuanza kupapasa fimbo yake chini. Aliona aibu yeye, wakati aibu yote ilikuwa yangu. Nilikuwa nimepiga hesabu ya moshi, ya vumbi, ya taa za mjini. Jicho la baba yangu sikulifikiria hata kidogo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nyota yako sijaiona hata siku moja," alisema. "Zamani ulikuwa unapiga simu Krismasi na Pasaka. Ulipopata hiyo nyota ukawa unapiga kila jioni. Ningesema siioni, ungeniuliza nini tena?"

Nikaketi chini kando ya kigoda. Nilitamani anigombeze, lakini aliniuliza tu kama nimekula.

Keshokutwa nampeleka hospitali ya macho. Najua daktari ataanza kwa kuuliza macho yake yalianza kufifia lini, na mimi mwanawe sijui.