Njia ya Pwani Haikuandikwa

Kwetu, upande wa Kigombe, mjane akimaliza eda hupelekwa baharini. Dini haikuamuru hivyo, na mwalimu wa madrasa ametukemea mara nyingi, lakini mama yangu alipelekwa, na bibi yangu alipelekwa. Unaingia majini na nguo zako za eda, dada wa mume anakushika mabega, unazama mara tatu. Kila ukiibuka unatamka kwamba umempa marehemu radhi. Kisha unavaa kanga mpya, unarudi nyumbani kula na watu.

Pwani yenyewe ni ndogo. Pande zote mbili mikoko na majabali, katikati mchanga mweupe. Ukiwa kijijini huwezi kujua kama ipo mpaka ulipite shamba letu la minazi. Ndiyo sababu wazee waliichagua: mjane aoge bila kuonwa na wanaume.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na siku nyingi katika hizo nilikuwa na hasira. Waliokuja kunipa pole waliniona nimenyamaza, wakaambiana, "Maskini, ana subira huyu." Haikuwa subira. Ningefungua kinywa ningemtukana marehemu.

Miaka michache kabla ya kufa, mume wangu aliliuza lile shamba. Sigombi kwamba aliuza. Lilikuwa lake, na miguu yake ilikuwa haiwezi tena kupanda mnazi. Mnunuzi alikuja na karatasi zake, wakakaa barazani kwetu pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Waliandika mpaka wa juu, kwenye mwembe. Waliandika mpaka wa chini, kwenye majabali. Waliandika hata kisima kilichokauka. Njia ya pwani, iliyokata shamba katikati, hawakuiandika.

Kwetu njia haiandikwi. Kila mtu anaijua na kila mtu anaipita, na anayenunua shamba hulinunua na njia yake na watu wake wanaopita. Ukidai iandikwe umemwambia mwenzio usoni kwamba humwamini. Mume wangu akatia saini, akampa mgeni mkono, akamwangulishia madafu ya kuondokea.

Haukupita mwaka, ukuta ukasimama. Leo pana hoteli ya vijumba vya makuti, pana geti, na kibao kinachosema hapa ni pwani tulivu, ya faragha. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini kibao kile nilikielewa vizuri. Faragha ile ilikuwa yetu. Utulivu wanaouuza ni sisi kutokuwapo.

Mume wangu hakwenda kwa mwenyekiti, hakwenda kwa mnunuzi. Kila nikimwuliza alikuwa akicheka kidogo na kusema, "Watafungua tu, wale ni watu wazima." Akafa akisema hivyo.

Siku ya kuvua eda, wifi yangu, dada yake marehemu, alifika asubuhi na kanga mpya katika mkoba wa ukili.

"Tukapige hodi getini?" akauliza.

"Sipigi hodi kwenda kuogea msiba wangu."

Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali. Tukazunguka kwa chini, kwenye tope la mikoko, kisha juu ya majabali yenye chaza wanaokata kama wembe. Wifi yangu ni mnene na anapenda maneno. Kila akiteleza ananishika.

"Nikivunjika mguu hapa, mume wangu ataoa kesho."

"Kesho mbali. Ataoa leo jioni."

"Mshenzi wewe, na eda yako!"

Tulicheka, na nilikuwa sijacheka muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka yangu angekuwapo, angetubeba mmoja mmoja."

Neno likanitoka. "Kaka yako ndiye aliyetutia kwenye tope hili."

Akasimama. "Maiti hasemwi, wifi."

"Mimi namsema."

"Na wewe siku ile ulikuwa wapi? Si ulikuwa hapo hapo, unawamiminia chai?"

Ni kweli. Nilikuwa mlangoni na birika mkononi. Walipomaliza kusoma mipaka, swali lilinifika kwenye ulimi: na njia je? Nikaona haya. Nikaona wanaume watasema mke wa fulani hana adabu, anamshuku mgeni aliyekaa kwenye mkeka wake. Nikamimina chai. Hilo sikuwahi kumwambia mtu, hata yeye mume wangu, na miaka yote niliyomlaumu nilimlaumu na birika langu nimelificha.

Tulitokea mchangani tukiwa na tope mpaka magotini. Pwani ilikuwa ile ile na haikuwa ile. Palikuwa na vitanda vya mbao vyenye magodoro meupe, na wageni wawili, mume na mke, wamelala kifudifudi. Mchanga ulikuwa umepigwa reki. Hata mwani walikuwa wameuzoa.

Mlinzi akaja mbio, mtu mzima mwenye mvi kidogo, kirungu kiunoni.

"Shikamoo, mama. Shikamoo."

"Marahaba," tukaitikia.

"Samahani, mama zangu. Hapa watu wa nje hawaruhusiwi."

Wifi yangu akamtazama kuanzia viatu. "Watu wa nje? Wewe kwenu wapi, baba?"

"Lushoto."

"Allah! Mshambaa ameshuka milimani na kabichi zake, leo anatufukuza baharini! Kuogelea unajua?"

Yule mlinzi alitaka kucheka, akajizuia. "Sijui, mama. Lakini watoto wangu wanakula hapa. Meneja akiwaona mimi sina kazi."

Nikamweleza kwa sauti ndogo kwamba natoka eda. Akavua kofia yake. Akatazama vijumba, akatazama wageni, akasema, "Basi nendeni kule mwisho, nyuma ya jabali, wageni wasiwaone. Fanyeni haraka."

Alisema kwa wema, najua. Lakini damu ilinipanda kichwani. Mama yangu hakuoga nyuma ya jabali. Yule bwana aliyelala kifudifudi alikuwa hajafiwa na mtu pale. Nikapita kati ya vitanda viwili na tope langu, nikaingia majini pale pale tunapoingilia siku zote. Yule mama wa kizungu aliinua kichwa akanitazama, akajifunika taulo, kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi. Mlinzi alitugeuzia mgongo. Sikujua ni kwa heshima ya mjane au ili aweze kusema hakuona. Labda yote mawili.

Wifi akanishika mabega. Nikazama, nikaibuka.

"Sema," akaninong'oneza.

Nikatikisa kichwa. Akanizamisha mara ya pili. Nikaibuka, chumvi machoni.

"Sema, wifi. Mtoe mtu kwenye kifungo."

"Sitaki kumdanganya maiti."

Nilidhani atanikasirikia. Alinishikilia tu, naye analia, maji yakitupiga kifuani. Mara ya tatu nilizama mwenyewe na sikutamka kitu. Nikavaa kanga mpya juu ya mwili uliolowa, nyuma ya kanga yake wifi aliyoishika kama pazia.

Tulipogeuka kurudi, maji ya bamvua yalikuwa yanajaa kwa kasi. Majabali tuliyopitia yalikuwa yanafunikwa na mikoko imesimama majini. Mlinzi akaona tulichoona.

"Sasa mtatokaje?"

"Kwa njia yetu," nikasema.

Hakubisha. Akatangulia, sisi nyuma yake tunachuruzika maji. Wametandaza mawe pale, wamepanda maua pembeni, lakini wameifuata njia ile ile, na kona yake ile ile iliyokuwa inakwepa mnazi mkubwa. Mnazi upo. Wameuzungushia waya wa taa. Chini ya waya zinaonekana ngazi alizozichonga mume wangu kwa panga, za kuwekea miguu, alipokuwa kijana na mimi nasimama chini kuokota nazi.

Nikasimama. Nikatia vidole katika ngazi ya kwanza. Kingo zake zimekuwa laini kwa nyayo za mume wangu. Wifi yangu alisimama kando bila kuniharakisha, na safari hii hakuniambia niseme.

"Ungeiandika tu, bwana wee," nikasema. "Nami ningekukumbusha."

Hiyo haikuwa radhi, wala sikuita radhi. Ndilo lililokuwa la kweli siku ile. Mlinzi akafungua geti kidogo, upana wa mtu mmoja. Tulipita mmoja mmoja, na nyuma yetu nikasikia komeo.