Sukari Iliyorudi

Wageni wengi wanaofika Garasweyn huuliza bahari iko wapi. Kosa si lao. Karatasi ya kwanza iliyotoka ofisi ya kaunti ndogo iliuita mji wetu "mji wa pwani", kwa sababu Bwana Abdiwahab, msimamizi wetu, anaamini kwamba mwekezaji akisikia neno pwani hukaa vizuri kitini. Ukweli ni kwamba bahari iko mbali, ng'ambo ya msitu wa Boni, na wengi wetu hatujawahi kuiona. Kinachotufikia ni upepo wake. Huja jioni kutoka kusini, ukiwa na unyevu, ukafanya chumvi igande mikebeni na nguo zikatae kukauka.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu kamili wa mji kwa ajili ya wageni na wawekezaji. Niliambiwa nianze na ofisi: ya msimamizi, ya kadhi, ya mifugo, kituo cha polisi, kisha nyumba ya wageni yenye jenereta. Nimeziandika zote. Lakini mtu akishuka garini Garasweyn asubuhi, kitu cha kwanza anachokutana nacho si ofisi. Ni harufu ya maziwa ya ngamia yenye moshi, na sauti ya Hinda ikimwita aje aonje.

Hinda ni mfupi, mnene kidogo, na kicheko chake husikika kabla ya yeye mwenyewe kuonekana. Alizaliwa Kutulo, kule Mandera, akaja huku kusini akiwa bi harusi wa tarishi aliyehamishwa kikazi. Mume alipofariki, bila kuacha mtoto, watu walingoja afunge mizigo arudi kwao. Badala yake, eda ilipokwisha, alirudi sokoni kwenye kigoda chake na kikombe cha kupimia maziwa. Yuko hapo mpaka leo. Ana vyumba viwili vya kupangisha uani kwake, na kimoja ninakaa mimi.

Maziwa yake yalitoka kwa mwanamke mmoja tu, anayeitwa Batula, anayeishi na ngamia malishoni, upande wa msituni. Huko maziwa hukamuliwa ndani ya chombo cha mti kilichofukizwa moshi, kisha humiminwa kwenye mitungi ya plastiki na kupelekwa kwa punda hadi njia panda. Pikapu huichukua alfajiri, na alasiri huirudisha mitupu. Mitungi ya Batula ilitambulika kwa kitambaa cha kijani kilichofungwa kwenye mshikio wa kila mmoja.

Wanawake hawa wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Aliyewaunganisha alikuwa mzee mmoja wa ukoo wa Batula, na yeye alishafariki. Hinda hakuweza kuacha soko, Batula hakuweza kuacha ngamia, na miaka ikapita hivyo. Walichofanya ni kutumiana vitu. Kila mitungi mitupu iliporudi, Hinda alifunga juu yake mfuko wa sukari. Siku nyingine aliongeza majani ya chai, sindano, dawa ya malaria, hina ya Idi. Naye Batula alituma ubani, na nyama ya nyirinyiri iliyozama kwenye samli. Mume wa Hinda alipokufa, mitungi ilikuja na kitambaa cheupe badala ya kijani, siku zote za eda. Hinda alinionyesha kimoja. Amekiweka pamoja na nguo zake za sala.

"Sina dada wa kuzaliwa naye," aliniambia siku hiyo. "Nina huyu."

Basi asubuhi moja, Garasweyn ikiwa katika matayarisho ya kupokea wageni, Hinda alifungua mtungi, akanusa kifuniko. Akafungua wa pili.

"Huyu si Batula," alisema.

Kowsar, anayeuza maziwa kwenye kigoda cha jirani na ambaye hapitwi na neno, aligeuka. "Siku hizi maziwa yana kitambulisho?"

"Batula hufukiza kwa mti wa mareer. Huu ni moshi wa kuni yoyote iliyookotwa."

"Basi kubali, dada. Umeachwa. Mwenzio amepata mchuuzi kijana, wewe anakuletea mabaki ya majirani."

Wanawake wakacheka. Hinda naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani.

Alimwuliza dereva. Kwa bahati mbaya Abdiwali, dereva wetu wa kawaida, alikuwa ameenda Dagahaley kwenye harusi ya dadake, na pikapu ilikuwa mikononi mwa Mustafe, ambaye hakumjua mtu.

"Mama, mimi nakuta mitungi imepangwa chini ya mti. Nabeba. Sijaambiwa niihoji."

Kupiga simu haikuwezekana. Simu ya familia ile ilikuwa ya mtoto wa kiume wa Batula, naye alikuwa amewapeleka ngamia wasio na maziwa upande wa Tana.

Alasiri nilimsaidia kufunga mitungi mitupu. Nilipochukua mfuko wa sukari alinizuia mkono.

"Acha. Apewe sukari na huyo aliyempata."

Niliurudisha mfuko mahali pake. Mitungi ikaenda bila kitu. Kesho yake harufu ilikuwa ile ile ngeni, na mitungi ikarudi tena bila kitu. Hinda aliuza kama kawaida, akapima kwa haki, lakini hakuita mtu aje aonje. Usiku kupitia ukuta nilimsikia akipanga na kupangua vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Katikati ya mambo hayo Bwana Abdiwahab alikuja sokoni na karatasi mkononi. Wageni wangefika Alhamisi kutoka Nairobi kuangalia kama mji unafaa kuwekewa mtambo wa kupoza maziwa.

"Mama Hinda, Alhamisi picha ni yako. Uvae kitenge kipya, ukae mbele, uwaonjeshe. Ukifanya mchezo tu, mtambo utaenda mji mwingine."

"Mimi mchezo niliacha utotoni," Hinda alimjibu. Lakini macho yake yalikuwa kwenye vitambaa vya kijani.

Jumatano pikapu iliingia kama kawaida. Mustafe alishusha mitungi, na kwenye mmoja wao palikuwa pamefungwa mfuko mdogo wa buluu. Ulikuwa mfuko wa Hinda mwenyewe, mmoja wa ile aliyokuwa akituma. Aliufungua. Ndani mlikuwa na sukari, nusu mfuko, na sisimizi wawili watatu.

Kwanza hatukuelewa. Hinda aligusa ile sukari kwa kidole, akaionja, kama kwamba ladha ingemweleza. Halafu akaketi polepole kwenye kigoda.

"Amedhani sina," alisema.

Akafukuza sisimizi kwa ncha ya kidole.

"Ameona mitungi inarudi bila sukari. Hakufikiri nimekasirika. Amefikiri nimeishiwa. Akachukua ile niliyompa, akaigawa, akaniletea nusu." Alifunika uso kwa ncha ya shuka. "Mimi nimemnunia, yeye akanigawia."

Kowsar aliinuka akammiminia maji ya kunywa.

Mchana huo Hinda alifunga mizigo: mfuko mzima wa sukari, majani ya chai, shuka mpya, na ule mfuko mdogo wa buluu ulivyokuwa. Pikapu ilipotaka kuondoka alipanda mbele. Bwana Abdiwahab alikuja mbio kutoka ofisini, viatu vimejaa mchanga.

"Mama! Wageni ni kesho!"

"Kowsar ana meno mazuri. Mpige yeye picha."

"Na mtambo?"

"Mtambo utapoza maziwa ya nani, kama anayenikamulia amepatwa na jambo?" Kisha akaniona nimesimama. "Abaayo, dada yangu, panda. Si unaandika habari za Garasweyn? Huko nako ni Garasweyn."

Njia ni ya mchanga mwekundu na vichaka, na Hinda, mzungumzaji wa mji mzima, alimwomba Mustafe azime muziki. Nilijua anachohofia. Kama si kuachwa, basi moshi ulikuwa umebadilika kwa sababu nyingine, na hizo nyingine zilikuwa mbaya zaidi.

Kwenye njia panda alikuwapo mwanamke kijana na punda, amekuja kuchukua mitungi mitupu. Alipoona wanawake wawili wanashuka alivuta ushungi. Alisema anaitwa Fartun, mke wa mtoto wa Batula.

"Nani anafukiza vyombo kwenu?" Hinda aliuliza, hata salamu hazijakwisha.

"Mimi."

"Na Batula?"

Fartun alitazama chini. Mkono wa Hinda uliushika wangu, ukaubana.

"Yupo," Fartun alisema. "Ni macho tu. Yamefunga."

Hinda alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, akaanza kutembea mbele ya punda bila kujua njia.

Batula alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake ya mikeka, mwembamba, miguu mirefu ameikunja upande mmoja, uso ameuelekeza kwenye sauti ya hatua zetu. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe.

"Eeddo, kuna wageni," Fartun alimwambia mama mkwe wake.

"Karibuni. Mmeshindaje huko mtokako? Mvua imenyesha?"

Hinda alimsogelea. Alipiga magoti, akaweka ule mfuko mdogo wa buluu mapajani pa mwenzake. Batula aliupapasa. Vidole vikafika kwenye fundo, vikakaa hapo.

"Hii nilimpelekea mtu."

"Huyo mtu ameirudisha," Hinda alisema.

Ndama mmoja alilia zizini.

"Hinda?"

"Mimi."

"Njaa imekushika hivyo, hata ukaja kula kwangu?"

Hapo wote wawili walicheka na kulia kwa pamoja, wameshikana, na mimi na Fartun tukageuka kuangalia ngamia ili tuwaachie nafasi.

"Sikuwa na njaa," Hinda alikiri baadaye, chai ikiwa imechemka kwa sukari ileile. "Nilinuna. Moshi ulibadilika, nikadhani umepata mwingine."

Batula aliweka kikombe chini ili asimwage. "Wallahi, hata mume wangu hajawahi kunionea wivu namna hiyo!"

Kisha akaeleza. Ukungu ulianza zamani, kidogo kidogo. Baada ya mvua za mwisho ulizidi. Aliunguza chombo kimoja, akaunguza na cha pili, na ndipo akamwachia Fartun kazi ya moshi. Alikataza isisemwe mjini.

"Kwa nini?" Hinda aliuliza.

"Wangesema maziwa ya kipofu yana nywele na inzi. Ungekosa wanunuzi."

"Ningeyanywa mwenyewe."

Hinda alimjua mwanamke wa sokoni aliyetolewa mtoto wa jicho hospitalini Garissa, na sasa anatunga uzi kwenye sindano bila msaada. Alilieleza jambo hilo mara nyingi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Mume wa Batula, mtu wa maneno machache, alisikiliza na kusema ni kheri, waende. Aliyegoma ni Batula.

"Nani atakamua?"

"Mimi," Fartun alisema.

"Kwa moshi ule?"

"Moshi wake si mbaya," Hinda alisema. "Mji mzima umekunywa. Aliyelalamika ni mimi peke yangu, na mimi nilikuwa na wazimu."

Fartun alicheka kwa mara ya kwanza tangu tufike, kisha akafunika mdomo. Batula alikisikia kicheko hicho, akasema basi, ataenda.

Tuliporudi mjini Ijumaa tukiwa na Batula katikati yetu kwenye kiti cha mbele, wageni walikuwa wameshaondoka. Kowsar alikuwa amepigwa picha na meno yake yote. Alihadithia kwamba mgeni mmoja, baada ya kuonja susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka, na kukunja uso, aliuliza bahari iko wapi, na Bwana Abdiwahab akanyoosha mkono kuelekea kusini akasema, "Nyuma ya miti." Kuhusu mtambo, waliahidi kupiga simu. Tunangoja, inshallah. Nami katika wasifu nimefuta neno pwani, nikaandika upepo.

Garissa tulingoja zamu yetu siku kadhaa, tukilala kwa jamaa wa Hinda karibu na soko la mifugo. Siku ya upasuaji Hinda aliketi nje ya mlango na tasbihi, na kila aliyevaa koti jeupe alisimamishwa na kuulizwa. Walianza na jicho moja. Kesho yake muuguzi alikuja kutoa bandeji. Nilisimama pembeni na mfuko wa machungwa.

Batula alifumba, akafumbua. Aliangalia pazia. Aliangalia mikono yake, mbele na nyuma. Halafu akamwangalia mtu aliyesimama mbele ya kitanda, muda mrefu, kuanzia ushungi hadi viatu. Hinda, ambaye hajali akitazamwa na soko zima, alianza kunyoosha nguo yake.

"Kumbe wewe ni mfupi," Batula alisema.

Muuguzi akaangua kicheko.

"Miaka yote hii ulinifikiriaje?"

"Mrefu. Sukari yote ile, nilidhani inashuka kutoka juu."

Hinda akasimama kwa ncha za vidole, ameshika ukingo wa kitanda. "Na hivi?"

"Hivi afadhali," Batula alisema, akamvuta mkono aketi.